Maji Yaliyoshuka Songo Kipande kwa Kipande

Mathieu Nyandwi alizaliwa Nyakabere, kwenye uwanda wa Ruzizi, katika nyumba iliyolima pamba kwa sababu serikali ya Wabelgiji iliitaka, na muhogo kwa sababu watu lazima wale. Alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora. Mwalimu wa misheni alimkuta siku moja amechora darasa zima kwenye kibao chake, madirisha na viguzo na vyote, akamwombea nafasi katika shule ya ufundi Bukavu. Miaka michache baadaye kijana akashuka Uvira akiwa mchoraji wa plani katika biro ya serikali iliyoshughulikia barabara na majengo. Alivaa tai kila siku, hata Jumamosi. Alimwoa Georgette, binti wa mvuvi wa Kalundu, wakajenga nyumba Songo, mtaa ulioegemea mlima, wakaanza kupata watoto.

Shefu wake wa kwanza alikuwa Mbelgiji asiyecheka sana, lakini aliyefundisha bila choyo. Alimwonyesha Mathieu namna ya kubandika karatasi kubwa ukutani na kuchora juu yake kazi nzima, tangu asubuhi ya kwanza hadi siku ya kukabidhi funguo: mstari wa buluu kwa kuchimba, wa kijani kwa kujenga, mwekundu kwa kumalizia. Mstari mmoja unapoishia ndipo mwingine unaanzia. Alikuwa akisema kwamba kazi moja lazima ifungwe kabisa kabla nyingine haijafunguliwa. Kwa namna hiyo walitengeneza barabara ya kupitishia pamba ya uwandani, na barabara ikaisha siku ileile iliyoandikwa ukutani. Mathieu alisimama kando ya njia, akatazama lori la kwanza likipita, akajisikia kama mtu aliyeambiwa siri ya dunia.

Uhuru ulipofika, shefu alifunga masanduku yake kwa haraka. Kabla ya kuondoka alimwachia Mathieu meza ya kuchorea, rula ndefu na kalamu za rangi. Hakuna aliyempa Mathieu cheo rasmi. Ikawa tu kwamba kila mwenye swali anabisha mlangoni kwake.

Kisha ziwa likapanda. Wazee wa Uvira bado wanaikumbuka ile miaka: mvua ilinyesha kana kwamba imesahau kuacha, na Tanganyika ikaja juu polepole, bila mawimbi, ikaingia kwenye bustani, halafu kwenye vyoo, halafu kwenye visima. Watu wa mitaa ya chini walihamia kwa ndugu zao Songo na vitanda vyao kichwani. Maji yalikuwa kila mahali, na ya kunywa hakuna.

Aliyechoka kabla ya wengine wote alikuwa Célestine, muuguzi mkuu wa dispanseri ya Songo. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na saa ya kiume mkononi aliyoirithi kwa kaka yake. Alikuwa akimtibu mtoto wa kuharisha, anampa mama yake akiwa mzima, na baada ya siku chache anampokea tena yuleyule, mwepesi zaidi. Alikwenda kwenye kanisa la Waprotestanti, akaongea na wachungaji, akaongea na wakatoliki pia, na kabla mwaka 1963 haujafika katikati kukawa na komite ya maji. Marafiki wa kanisa huko ng'ambo walituma mabomba ya chuma, yaliyoshushwa bandarini Kalundu. Watu wa Songo na wa mitaa ya chini walikubali kuchimba wenyewe, bila malipo. Mlimani juu ya mtaa kulikuwa na chemchemi isiyokauka hata kiangazi. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kuongoza kazi.

"Papa Mathieu, weye njo tunataka, si mwingine," Célestine alimwambia, akiwa amesimama mlangoni mwa biro bila kuketi. "Barabara ya pamba iliisha siku yake. Na maji iishe siku yake."

Mathieu alikubali kwa furaha. Alibandika karatasi yake ukutani kwa komite, akachora mistari mirefu. Kwanza mtaro wote utachimbwa, kuanzia chemchemi hadi mtaa wa mwisho kando ya ziwa. Kisha mabomba yote yatalazwa. Kisha yataungwa. Kisha chemchemi itajengewa, tangi litajengwa, na mwisho kabisa robine za kuchotea maji zitafungwa zote kwa siku moja, na mchungaji ataomba. Wanakomite walisimama mbele ya karatasi ile. Ilikuwa nzuri kutazama.

Wiki za kwanza watu walimiminika. Wanaume walichimba, wanawake walibeba udongo, nyimbo zilisikika hadi sokoni. Kisha nyimbo zikapungua. Mtaro ulikuwa mrefu, na kila siku ulikuwa mtaro tu. Mvua ya kwanza ya Septemba ikaangusha kingo zake, ikabidi kuchimba tena palepale. Mbuzi wa jirani akatumbukia akavunjika mguu. Mwanamke mmoja mjamzito akaruka mtaro mbele ya nyumba yake akaanguka, na Célestine ndiye aliyemshughulikia. Chini ya mji watoto waliendelea kunywa maji ya kisima kilichoingiliwa na choo.

Kulikuwa pia na Niyibizi. Huyu alikuwa mfugaji wa kutoka Mulenge, shemasi katika kanisa lake, mtu mwenye koti zito alilovaa hata jua likiwaka. Alikuwa na ng'ombe kwenye miteremko ya juu ya Songo, na ng'ombe hao walikunywa katika chemchemi ile tangu enzi za baba yake. Alikuja mara mbili kuuliza ng'ombe watakunywa wapi. Mara zote mbili Mathieu alimjibu kwa heshima kwamba jambo hilo litaangaliwa mwishoni, kwa kuwa katika karatasi hapakuwa na mstari wake.

Jumamosi moja wakatokea wachimbaji wachache kiasi kwamba majembe yalizidi watu. Célestine alipanda kutoka dispanseri, akakuta Mathieu amesimama kwenye mtaro na tai yake, suruali imejaa tope.

"Bantu iko wapi?" aliuliza.

"Wamechoka. Nitazungumza na wachungaji watangaze tena kanisani."

"Hawachoke kuchimba. Wanachoka kuchimba bila kuona kintu." Alichuchumaa ukingoni mwa mtaro ili nyuso zao zilingane. "Sikiliza. Wakati tulichanja ndui kule uwandani, hatukusema tutatayarisha vijiji vyote kwanza, halafu tuchanje vyote pamoja. Tulimaliza kijiji kimoja, kabisa. Jioni tunaketi, tunaulizana: wapi tulikosea? Kesho yake kijiji cha pili tunafanya vizuri kuliko cha kwanza. Na wa kijiji cha tatu, hata hatujafika, wamekwisha kusikia, wanatungoja njiani. Juu ya nini maji isiende vile? Tujenge chemchemi. Tulete tiyo, haya mabomba, mpaka Songo ya juu, tuweke robine, bantu bakunywe. Halafu tuendelee mpaka dispanseri. Halafu sokoni. Kila kipande kikiisha, kinatoa maji."

Mathieu alijibu kwamba kufanya hivyo ni kufungua kazi kumi kwa wakati mmoja, kwamba mafundi watapanda na kushuka mlima kama siafu, kwamba hakuna mhandisi hata mmoja duniani anayeweka robine kabla ya kumaliza mtaro. Sauti yake ilipanda. Alisema, na baadaye alitamani kuyarudisha maneno hayo mdomoni, kwamba kuchanja watoto na kujenga si kazi moja, na kila mtu abaki na yake.

Célestine alisimama, akapangusa magoti. "Sawa," alisema. "Minye nabaki na yangu. Yangu iko kuzika watoto." Akashuka.

Nyumbani Georgette alimsikiliza mumewe akilalamika huku akichambua dagaa. Hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza swali moja tu: "Kwenye barabara ya pamba, nani alichimba?"

"Wafanyakazi wa serikali."

"Waliweza kuacha?"

 Hawakuweza kuacha. Kulikuwa na mshahara, kulikuwa na askari, kulikuwa na faini, na nyuma ya faini kulikuwa na gereza. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa imesimama juu ya mambo hayo yote, naye hakuyaona kwa sababu hayakuchorwa. Hapa Songo watu walikuja kwa sababu walitaka maji, na siku wasipoona dalili ya maji wana haki ya kwenda shambani kwao. Njia ya shefu wake haikuwa mbaya. Ilitengenezwa kwa watu wa aina nyingine, chini ya serikali ya aina nyingine.

Jumatatu alikwenda dispanseri, akangoja kwenye benchi la wagonjwa mpaka Célestine alipopata nafasi. Alimwomba radhi kwa yale maneno. Halafu wakaanza kubishana upya, lakini safari hii kama watu wanaojenga kitu kimoja. Célestine, kwa vile alikuwa ameshinda, alitaka kila kitu kiende kwa vipande, hata tangi: wajenge dogo sasa, waliongeze baadaye. Hapo Mathieu alikataa katakata.

"Tangi hapana, Mama Célestine. Nusu ya tangi haishiki nusu ya maji. Haishiki kitu. Simenti inamwagwa kwa hesabu moja, chuma zake zote ziko tayari, kwa ukubwa tutakaouhitaji mpaka mwisho. Chemchemi na tangi nitavifanya kwa karatasi yangu, mstari kwa mstari, na hakuna mtu atakayenigusa. Mabomba na robine, tufuate njia yako."

Célestine akacheka ile sauti yake iliyojaza korido. "Papa Mathieu, weye iko mugumu. Sawa. Tangi ni yako."

Wakakubaliana na jambo moja zaidi: kila Jumamosi mchana, wakuu wa makundi wakutane uani mwa dispanseri, kila mmoja aseme kwa kifupi kilichofanyika, kinachomzuia, na atakachofanya wiki inayofuata. Hakuna hotuba. Mkutano wa kwanza ulichukua mchana wote kwa sababu watu wa Uvira wanapenda kusalimiana. Baada ya muda mkutano ukawa mfupi kuliko ibada ya watoto. Mtu akisema simenti imekwisha, wa kuitafuta alikuwa palepale. Mtu akisema jirani anakataa mtaro upite kwenye migomba yake, walikwenda wote siku hiyohiyo kuzungumza naye.

Katika mkutano wa pili Niyibizi alikaribishwa. Alisimama, akavua kofia, akasema taratibu kwamba hapingi maji ya watu. Aliomba tu waelewe: ng'ombe mwenye kiu hasomi plani. Akizuiwa chemchemi atavunja ukuta wa simenti kwa kwato, hata mwenyewe akimpiga. Watu walicheka, na Mathieu akatambua kwamba mtu huyu alikuja mara mbili kumwonya juu ya ukuta wake, wala hakuja kuomba fadhila. Wakakubaliana kwamba birika la kunyweshea ng'ombe, chini kidogo ya chemchemi, lijengwe pamoja na kipande cha kwanza. Niyibizi alileta vijana wa kutoka Mulenge kubeba mawe, na walibeba kuliko mtu yeyote wa Songo.

Kipande cha kwanza kiliisha kabla ya Krismasi. Mathieu mwenyewe alifungua robine ya Songo ya juu. Kwanza ilikohoa, ikatema hewa na tope jekundu, watu wakarudi nyuma. Kisha maji yakatoka meupe, baridi kama asubuhi ya mlimani. Kikongwe mmoja akaosha uso, akaosha tena, akamwuliza Mathieu kama kweli yataendelea kutoka hata yeye akiondoka. Jumamosi iliyofuata wachimbaji walikuwa wengi hata majembe hayakutosha, na wengi wao walitoka mitaa ya chini, ambako maji yalikuwa bado mbali. Walikuwa wameyaona.

Kufikia Pasaka ya 1964 maji yalikuwa yamefika dispanseri. Hapo Mathieu aliona kwa mara ya kwanza wodi ya akina mama ikipigwa deki kwa maji yasiyobebwa kichwani. Alirudi nyumbani akamwambia Georgette kwamba maisha yake yote alikuwa amechora vitu vya serikali, na sasa alikuwa amechora kitu ambacho mtu anakunywa.

Mwezi wa tano waasi waliokuwa wakipigana na serikali mpya wakaingia Uvira.

Habari zilikuwa zimetangulia toka uwandani. Askari wa serikali walivua magwanda, wengine wakapanda mitumbwi. Wapiganaji walishuka na mikuki na bunduki, majani yamefungwa vichwani, na jambo moja lilijulikana kwa kila mtu: walikuwa wakiwatafuta makarani. Mtu wa biro, mtu wa tai, kwao alikuwa ndiye aliyeula uhuru peke yake. Mathieu alivua tai yake akaificha chini ya magunia ya muhogo, lakini nani Songo asiyejua kazi yake?

Niyibizi ndiye aliyekuja kwao kwanza. Alisimama uani na fimbo yake, akamwambia Georgette afunge mizigo ya watoto tu. "Kwetu Mulenge kuna maziwa na kuna nafasi," alisema. "Dada yangu atakupokeeni. Papa Mathieu naye aje."

Georgette na watoto walipanda mlima pamoja naye asubuhi hiyo. Mathieu alisema atawafuata baada ya kupanda hadi kwenye tangi kufunga valvu, kwa maana aliogopa wapiganaji wangelichafua. Ndiko walikomkuta, peke yake, na ufunguo mkubwa mkononi, valvu bado iko wazi. Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani, wakamteremsha.

Walimpeleka kwa kamanda wao, aliyekuwa amejiweka dispanseri kwa sababu ya majeruhi wake. Célestine hakuwa amekimbia. Alisema hakujua jinsi ya kukimbia na wagonjwa. Alikuwa akiosha bega la kijana mmoja wa waasi, mikono yake imejaa damu, robine iko wazi nyuma yake. Kamanda alikuwa mtu mfupi, mchovu, sauti ya chini.

"Huyu karani wa serikali," mmoja wa wapiganaji alisema. "Tumemukamata mulimani."

Kamanda alimwuliza Mathieu alikuwa akifanya nini huko juu. Ulimi wa Mathieu ulikauka. 

"Huyu njo muntu wa maji," Célestine alisema. Hakugeuka, hakuacha kuosha. "Hii maji minye naosha nayo mutoto wako, ni yeye alileta. Tiyo haijafika mwisho. Kama leo unamuua, kesho ikivunjika nani atatengeneza? Weye unajua kutengeneza?"

 Maji yalikuwa yakitiririka kwenye beseni. Kamanda alitazama beseni, akatazama robine, akamtazama Mathieu na tope kwenye magoti yake. Aliinama, akakinga mkono, akanywa. Kisha akasema wamfungue.

"Utakaa hapa," alimwambia. "Maji ikikatika, nitakutafuta."

Miaka mingi baadaye, Mathieu alipoulizwa kwa nini alikuwa mtu wa kushukuru hata kwa mambo madogo, kwa chumvi iliyotosha, kwa barua iliyofika, alisimulia habari ya beseni lile. Alisema: lau wangefuata karatasi yake ya kwanza, mwezi ule wa tano kungekuwa na mtaro mrefu mtupu kutoka mlimani hadi ziwani, mabomba yamelala kwenye nyasi, na hakuna robine hata moja iliyofungwa. Célestine angekuwa akiosha majeraha kwa maji ya ndoo. Angekosa cha kumwonyesha yule kamanda. Yeye alikuwa bado hai mbele yao kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kungoja mwisho wa kazi ndipo aone faida yake, na akamkasirikia mpaka akaelewa.

Alikaa miezi ile yote akilinda maji. Alilala kwenye stoo ya dispanseri. Alipanda mlima na ufunguo wake, akasafisha chemchemi, akaziba mabomba yaliyotobolewa na risasi kwa raba na waya. Waasi walichukua ng'ombe kadhaa wa Niyibizi, lakini mzee aliendelea kuleta habari za Mulenge: watoto wako wazima, mdogo ameota meno, Georgette anakusalimu na anafundisha wanawake kushona. Kwa habari hizo Mathieu aliishi.

Jeshi la serikali liliporudi Uvira mwezi wa kumi, hatari iligeuka upande wa pili. Ofisa mmoja aliambiwa kwamba Nyandwi alikuwa akiwafanyia waasi kazi. Aliitwa kujieleza uwanjani, mbele ya watu. Safari hii alikuwa na ulimi, lakini haukuhitajika. Wanawake wa Songo walikuja na ndoo zao, wengi, wakasimama tu. Niyibizi alisimama mbele yao na koti lake zito, akasema kwamba mtu huyu alimfanyia kazi yeyote aliyekuwa na kiu, na kati yao walikuwa ng'ombe wake, na kama hilo ni kosa basi na ng'ombe wafungwe. Ofisa alijaribu kujizuia asicheke akashindwa. Mathieu akarudi nyumbani kwa miguu yake, akaokota tai chini ya magunia. Panya walikuwa wameila nusu.

Georgette na watoto walirejea mapema mwaka uliofuata, njia ya mlima ilipotulia kidogo. Mtoto mdogo hakumjua baba yake, akamlilia. Mathieu alikaa sakafuni mchana kutwa akimngojea amzoee.

Komite ikakusanyika tena. Baadhi ya viti vilibaki vitupu, na waliokuwa wakivikalia waliombewa. Walipouliza waanzie wapi, Mathieu alisema waanzie kwenye birika la ng'ombe, ambalo lilikuwa limepasuliwa katika mapigano. Mmoja alinong'ona kwamba watu ni kwanza. Mathieu alijibu kwamba hili nalo ni la watu, akataja ni nani aliyewapokea watoto wake, na hakuna aliyepinga. Kipande cha soko kiliisha mwaka 1966. Kila mara vita vilipokaribia kwenye vilima walisimama, na kila mara waliposimama hakuna kilichopotea, kwa sababu kila kipande kilichokwisha kufungwa kiliendelea kutoa maji bila wao. Vilipotulia walianza tena pale pale. Robine ya mwisho, ile ya kando ya ziwa, ilifunguliwa mwaka 1967. Mchungaji aliomba sala fupi, kwa kuwa watu walikuwa tayari wameshika ndoo.

Célestine hakuwepo. Alikuwa amehamishiwa Bukavu, kwenye hospitali kubwa. Mathieu aliona haifai apate habari kwa watu wengine, akapanda lori la kupitia Kamanyola, akapanda ile miinuko yote na kuku wawili kikapuni, zawadi ya Georgette. Njiani alitayarisha maneno. Alitaka kusema juu ya beseni, juu ya mtaro, juu ya yale maneno mabaya aliyomwambia siku ile ya tope. Alitaka kusema vizuri, kama mtu aliyesoma.

Alimkuta uani mwa hospitali, amekaa kwenye kiti kifupi, viatu amevua, saa ya kaka yake bado mkononi. Alikuwa ameongezeka mvi. Alipomwona alipiga kelele ya furaha hata wauguzi wengine wakachungulia. Mathieu akaanza maneno yake, akafika katikati, yakampotea. Célestine akamsogezea kiti.

"Minye njo niliogopa siku ile," alisema. "Unafikiri nilikuwa nimepanga ya kusema? Nilifungua kinywa tu. Kama maji haingekuwa inatoka nyuma yangu, ningesema nini? Na ingetoka wapi, kama tangi lingekuwa nusu, vile minye nilitaka? Majeruhi walikuwa wengi. Walikunywa, walioshwa, na tangi halikwisha. Nami nilikuwa nafikiri: asante huyu muntu mugumu, alinikatalia."

Wakacheka wote wawili, na Mathieu akapangusa macho bila kujificha.

Baada ya chakula Célestine alimweleza shida yake mpya. Hospitali ilitaka kuhamisha wodi ya wazazi kwenye jengo jipya, na wakubwa walikuwa wakibishana: wengine wanataka kila kitu kihame kwa siku moja, wengine chumba kwa chumba. Alikuwa amesema chumba kwa chumba, bila shaka, lakini hakuwa na uhakika tena.

"Kwanza niambie," Mathieu alisema, akisogeza kiti, "nani atafanya kazi, na nini kinaweza kuikatisha."

Célestine akaanza kueleza: wauguzi wangapi usiku na mchana, umeme unaokatika, akina mama wanaozaa wakati wowote wanaotaka wao. Mathieu alisikiliza, akiuliza hapa na pale. Walipofikia chumba cha upasuaji walikubaliana kwamba hicho lazima kihame kwa siku moja, vifaa vyote pamoja, kwa mpango ulioandikwa mstari kwa mstari. Vyumba vingine vingeweza kungoja zamu yao. Chai ilipoa mezani, wakaagiza nyingine.